Mbinafsi si lazima ajigambe

Wengi wanaoanza kuandika hadithi hudhani mhusika mbinafsi lazima ajigambe au adharau watu. Sivyo. Katika riwaya ya Kusadikika (1951) Shaaban Robert alimwita mhusika mmoja Majivuno, lakini ile ni istiara, yaani hadithi ya mafumbo. Jina lenyewe linabeba tabia. Kwenye hadithi ya kawaida, mbinafsi hujulikana kwa asichokiona. Mpeleke msibani Moshi: anamkumbatia mfiwa, analia kweli, kisha anasimulia dakika 20 jinsi basi lilivyomharibikia Same. Chai ya mfiwa inapoa mkononi. Wala si mtu mbaya, na hapo ndipo penye utamu! Mwache asimulie mwenyewe kwa nafsi ya kwanza: “Nilimfariji sana.” Msomaji anaitazama ile chai.