Kichwa kimeshapita, usishushe kamera

Mdogo wangu anaishi Morogoro, hatua chache kutoka stesheni ya zamani ya Reli ya Kati. Kila nikimtumia picha WhatsApp ananijibu: "Kaka, umevuka bahari kwenda kupiga picha mabehewa ya mchanga?" Namwambia si mchanga, ni kokoto, na behewa hilo zamani lilikuwa la makaa ya mawe, likaja kukatwa na kufupishwa. Hapo anatuma emoji ya mtu aliyejishika uso, na mazungumzo yanahamia kwenye bei ya mchele.

Simlaumu. Hata hapa Uingereza, simama mwisho wa jukwaa na wenzako watano wenye kamera uone. Kichwa cha treni kinatokea, shata zinalia tatatata, kichwa kinapita, kamera zinashuka, watu wanafungua chupa za chai. Nyuma yake mabehewa ishirini na kitu yanapita na hakuna anayeyatazama. Nami nilikuwa hivyo hivyo miaka yangu mitatu ya kwanza. Nina diski nzima ya vichwa, na ukiifungua leo ni kama unatazama picha moja mara elfu mbili.

Sababu yake ni Class 66. Kampuni ya treni za mizigo ya EWS iliagiza vichwa 250 vya aina hiyo kwa mkupuo mmoja kutoka General Motors. Vilitengenezwa London, ila London ya Ontario, Canada, na cha kwanza kilishushwa bandari ya Immingham mwaka 1998. Kila kimoja kina nguvu ya farasi 3,300. Kampuni nyingine zikaviona vinafanya kazi bila kuringa, nazo zikaagiza. Cha mwisho, 66779, kilifika 2016 kikapewa jina Evening Star. Class 66 wapenzi wa treni wa huku walikiita "banda", kwa ule mwili wake wa bati lenye mikunjo, na walikichukia kwa dhati, maana kilifukuza dizeli za zamani walizokua nazo. Waliolia zaidi ni wapenzi wa Class 37 ya English Electric, kampuni iliyotuletea pia dizeli za daraja la 87 zilizovuta treni Kenya na Uganda. Mtu wa Nairobi aliyekulia karibu na reli akisikia Class 37 inapanda mlima, atageuza kichwa bila kuambiwa.

Kwa hiyo ukisubiri treni ya mizigo popote nchini humu, kitakachotokea karibu kila mara ni banda. Rangi ndiyo inayobadilika: nyekundu ya DB Cargo, buluu na chungwa ya GB Railfreight, na kadhalika. Ukipiga kichwa tu, umepiga rangi. Kinachoitofautisha treni moja na nyingine kiko nyuma.

Anza na hesabu moja. Kwenye njia zenye uwezo mkubwa, ekseli moja inaruhusiwa kubeba tani 25.4. Behewa kubwa lina ekseli nne. Zidisha, utapata karibu tani 102, na namba hiyo utaikuta imeandikwa ubavuni mwa mabehewa ya kila sura: marefu, mafupi, ya duara, yaliyofunikwa, ya wazi. Uzito wa mwisho ni uleule, kwa hiyo umbo la behewa linakueleza jinsi shehena yake ilivyo nzito au nyepesi. Behewa la madini ya chuma ni dogo hata unadhani limesahauliwa kumaliziwa, kumbe limeshafikia kikomo. La vidonge vya mbao vinavyochomwa kwenye kituo cha umeme cha Drax ni jitu: mita za ujazo 116, lina mfuniko juu kwa sababu vidonge vikilowa vinageuka uji.

Na lile la makaa? Ndilo ninalolipenda kuliko yote. Alama yake ni HTA. Lilitengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 katika jiji la York, refu, la kumwaga mzigo kwa chini, kwa ajili ya vituo vya umeme. Kisha makaa yakaanza kufa. Kituo cha mwisho cha umeme wa makaa, Ratcliffe-on-Soar, kilizimwa tarehe 30 Septemba 2024. Mabehewa yalikuwa bado mazima, na wajenzi wanataka kokoto, lakini kokoto ina uzito unaokaribia mara mbili ya makaa kwa ujazo uleule. Ukilijaza HTA kokoto mpaka juu utavunja sheria ya ekseli. Ukilijaza kwa kiasi halali, unavuta hewa kwenye nafasi iliyobaki, na treni ndefu inakosa pa kuegesha machimboni. Wakayapeleka karakana, wakakata sehemu ya katikati, wakaunga ncha mbili. Sasa yanaitwa HRA. Ukipata picha ya ubavu yenye mwanga mzuri, utaona jinsi yalivyo mafupi kwa upana wake, kama mtu aliyenunua koti la kaka yake akalipunguza mikono.

Herufi hizo tatu zinatokana na mfumo wa kompyuta wa kufuatilia treni, TOPS, ambao British Rail iliununua Marekani na kuuanzisha hapa miaka ya 1970. Ya kwanza ni aina: H ni la kumwaga chini, F ni la bapa la kontena, T ni tangi. Ya mwisho ni breki, na A maana yake ni breki za hewa. Vichwa navyo vilipata namba zake hapo: mbili za mwanzo ni daraja, zilizobaki ni namba ya kichwa chenyewe. Angalizo kwa Wakenya: ukisikia watu wa huku wanasema "59", si Garratt, vichwa vya mvuke vile vya Beyer Peacock vyenye majina ya milima, kama Mount Gelai kilichopo makumbusho ya reli Nairobi. Class 59 ya huku ni dizeli ya machimbo ya Somerset, iliyonunuliwa na kampuni ya mawe ya Foster Yeoman mwaka 1986, na ndiyo mama yake banda. Mwaka 1991 mbili kati yake zilivuta treni ya mawe ya tani 11,982, rekodi ya Ulaya, mpaka kiungo kikakatika katikati ya mabehewa.

Sasa mwanga. Mfano wangu ni Barnetby, kijiji cha Lincolnshire kaskazini, ambako mizigo ya Immingham hupita kuelekea bara. Magharibi kidogo ya stesheni, pale Wrawby Junction, njia zinagawanyika tatu. Ishara za zamani za mikono ya bati ziling'olewa mwishoni mwa 2015, na nusu ya wapiga picha wakaacha kuja. Mimi nimebaki. Hapo reli inaenda karibu mashariki hadi magharibi. Treni zenye mzigo zinatoka bandarini kuelekea magharibi, kwa hiyo uso wa kichwa unapata jua mchana ukishapinduka tu. Asubuhi jua linaziangaza zile zinazorudi bandarini, nazo ni tupu. Utazijua hata ukifumba macho: tupu inagongagonga kama sufuria kwenye tela, iliyojaa inanguruma tu na jukwaa linatetemeka chini ya viatu.

Wanaoanza hupenda kuja Juni. Siku ndefu, joto, unaweza kukaa nje. Lakini fikiria hili: jua la saa sita mchana pale Morogoro likiwa chini kabisa kwa mwaka, mwezi wa Juni, liko kama nyuzi 60 juu ya upeo. Hapa nyuzi 60 ndiyo juu kabisa, na ni Juni hiyohiyo. Yaani Juni mchana Barnetby unapata jua la nyumbani: paa linang'aa, huku magurudumu, springi na breki vikiwa gizani kama uvungu wa kitanda. Mwishoni mwa Desemba jua la mchana liko kama nyuzi 13 tu. Linaingia kwa ubavu, linapenya chini ya fremu, unaona kila springi na kila tone la grisi. Kabla ya saa kumi limeshazama, vidole vimeganda, ila picha za mabehewa ninazozithamini karibu zote ni za Desemba na Januari. Wewe uliyeko Dodoma au Voi huna Desemba ya namna hiyo. Nenda saa moja na nusu asubuhi au saa kumi na moja na nusu jioni, utapata jua la pembe inayokaribia hiyo.

Mipangilio ya kamera sitairefusha. Treni ya maili 60 kwa saa inasogea karibu mita 27 kila sekunde. Ukiipiga ubavu kwa shata ya 1/500, behewa limesogea zaidi ya sentimita 5 na maandishi yote yamepotea. Weka 1/1000 au kasi zaidi kwa ubavu. Kwa ile pembe ya kawaida ya mbele na ubavu pamoja, 1/500 inaweza kutosha kwa sababu treni inakujia zaidi kuliko inavyokatiza. Uso wa kichwa huwa na rangi ya njano kali ya tahadhari, nayo hupauka haraka pichani kukiwa na jua: pima mwanga kwa njano hiyo, usipime kwa matangi meusi nyuma yake. Matangi nayapendelea siku ya mawingu.

Ratiba za mizigo zinaonekana na umma mtandaoni. Kila treni ina alama nne: inayoanza na 4 inaruhusiwa maili 75 kwa saa, 6 ni maili 60, na 0 ni kichwa kitupu bila behewa hata moja, kilichonivunja moyo mara nyingi. Treni ya mizigo, tofauti na ya abiria, inaweza kupita mapema kuliko saa yake, basi fika mapema. Kaa kwenye jukwaa nyuma ya mstari wa njano au kwenye njia ya umma. Usiwashe flashi, na usivae koti linalofanana na makoti ya usalama ya wafanyakazi, maana dereva anaweza kudhani kuna mtu kazini. Kukanyaga reli ni kosa, na faini inafika pauni 1,000.

Treni ikisimamishwa na taa nyekundu mbele yako, hiyo ni zawadi. Achana na kichwa. Tembea taratibu jukwaani na lenzi ndefu utafute kile kibao kidogo cha maandishi meupe ubavuni mwa behewa. Kimoja nilichokipiga kilikuwa na HTA iliyofutwa kwa rangi na HRA juu yake, lakini rangi ilikuwa nyembamba na T bado ilionekana, kama kovu. Chini yake uzito mtupu mpya, na mshono wa kulehemu ukishuka nyuma ya namba. Pembeni, kwa chaki, mtu wa karakana alikuwa ameandika tarehe na alama ya vyema.

Mwaka jana nilisubiri kwa muda wa saa tatu treni ya madini ya chuma. Baridi kali, anga safi, jua limekaa pale pale. Nikaisikia. Ikatokea. Nikaweka jicho kwenye kamera, na sekunde hiyohiyo treni ya abiria ya mabehewa mawili ikaingia kutoka upande wa pili na kusimama katikati yangu na kichwa. Mzee mmoja kando yangu alitoa neno ambalo sitaliandika, akafunga begi lake. Ile ya abiria ikaondoka. Madini yalikuwa bado yanapita, polepole, vumbi jekundu limeganda kwenye kila ukingo, jua likiingia mpaka ndani ya magurudumu. Nikapiga mpaka behewa la mwisho, na ile taa ndogo nyekundu ya mkiani, inayomwambia mtu wa ishara kwamba treni imefika yote, ikiwaka na kuzima, ikiwaka na kuzima, kuelekea Wrawby.