Usioshe Injini, Itavuja! Na Maneno Mengine ya Gereji Yasiyo Kweli

Ukifunua boneti la gari la zamani kandokando ya barabara hapa Mtwara, hazipiti dakika tano hujapata washauri watatu. Wa kwanza atakwambia usiguse, injini ikizoea uchafu wake iache nao. Wa pili atakushauri mafuta ya taa. Wa tatu ana shemeji yake mwenye mashine ya presha hapo jirani, na bei ni ya undugu.

Hao watatu nimekutana nao wote, tena zaidi ya mara moja, kwa sababu gari langu ni Land Rover Series III, ile ndefu ya inchi 109 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na linalala Shangani, mahali ambapo usiku unasikia bahari. Toleo hilo lilitengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985, kwa hiyo hata lililo changa kabisa lina zaidi ya miaka arobaini. Kiangazi kilichopita nilitoa vitu vyote vinavyotoka kwenye chumba cha injini, nikasafisha, nikapiga rangi, nikarudisha. Mengi niliyokuwa nimeambiwa yalianguka njiani, nami baadhi niliyaamini mpaka yakanigharimu.

Tuanze na hilo la kuvuja, maana ndilo mama yao.

Wanasema: injini ya zamani ikioshwa inaanza kuvuja oili. Na kweli, watu wengi wameosha Jumamosi, Jumatatu wakakuta doa sakafuni. Lakini doa halikuzaliwa na maji. Oili inachuruzika taratibu kutoka kwenye gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, inakutana na lile vumbi letu jekundu la njia ya Newala, vinagandamana vinakuwa ngozi nyeusi ngumu kama lami. Ngozi hiyo inanyonya oili mpya inayotoka, wewe huoni kitu. Ukiiondoa, oili inashuka moja kwa moja chini. Nikubali kwamba tope likiwa nene huweza kupunguza kasi ya mchuruziko, na hapo ndipo uvumi ulipopatia miguu. Lakini gasketi iliyokufa imekufa, na tope lililolowa oili karibu na ekzosi ni kuni zinazosubiri cheche.

Kusafisha ndiko kunakokuwezesha kusoma injini. Mimi nikishaosha na kukausha, napaka poda ya mtoto nyembamba juu ya maungio yote, naendesha mpaka Mikindani na kurudi, kisha nafunua boneti. Panapovuja pameandika mstari mweusi kwenye weupe. Anza kuangalia juu, si chini, kwa sababu oili hushuka na upepo wa feni huisukuma nyuma. Doa lililo chini ya gia boksi laweza kuwa limetoka kwenye tapeti kava. Na ukifika hapo usimruhusu fundi akaze nati mpaka mishipa ya shingo imtoke. Gasketi nyingi za tapeti kava za magari haya ni za koki, lile gome jepesi la vizibo vya chupa. Ukizikandamiza kupita kiasi zinapasuka na kutoka pembeni kama mkate uliokanyagwa, na uvujaji unakuwa mbaya kuliko mwanzo. Hili nalo ni dhana potofu, kwamba kukaza zaidi ni kuziba zaidi.

Shemeji wa presha sasa. Wateja wake hufika moja kwa moja kutoka safarini, injini inaungua, naye anapiga maji ya baridi hapo hapo kwa sababu "uchafu ukiwa wa moto unatoka haraka". Ekzosi manifoldi, lile bomba linalokusanya moshi kwenye injini, ni chuma cha kalibu, yaani cha kumiminwa. Kikiwa cha moto sana kikapigwa maji ya baridi, kinasinyaa upande mmoja kabla ya mwingine, na chaweza kupasuka. Subiri mpaka uweze kuweka kiganja juu ya injini bila kukiondoa. Uvuguvugu unatosha kulainisha grisi.

Kuhusu presha yenyewe, tatizo si maji, ni nguvu yake. Magari haya yalijengwa kabla ya zama za soketi za umeme zilizozibwa kwa mpira. Distributa inayogawa umeme wa plagi ina kofia iliyobanwa kwa klipu mbili tu, alteneta inayochaji betri iko wazi ili ipate hewa, kabureta inayochanganya petroli na hewa ina matundu yake. Maji ya presha yanaingia kote huko, halafu mwenye gari anasukumwa na vijana mpaka nyumbani huku akilaumu uzee wa gari. Toa kwanza waya wa betri unaoungana na bodi, funga distributa, koili, alteneta na mdomo wa kabureta kwa mifuko ya nailoni, tumia brashi, sabuni na maji ya mpira wa kawaida. Ukimaliza toa mifuko yote mara moja, la sivyo unyevu utajifungia ndani. Boneti liache wazi juani. Jua la Mtwara ni kifaa cha bure.

Neno dogo juu ya huo waya wa betri. Wengi wanajua kwamba unaoungana na bodi ni hasi siku zote. Siyo. Land Rover za miaka ya 1950, na nyingi za miaka ya 1960, zilitoka kiwandani zikiwa na chanya kwenye bodi. Fuata waya kwa macho mpaka mwisho wake kabla hujashika spana.

"Land Rover ni alumini, haili kutu." Dhana hii hapa kwetu pwani imemaliza magari mengi kuliko mawe ya barabarani. Ni kweli kwamba mabati mengi ya nje ya Land Rover ni ya aloi ya alumini. Gari lilipoanza mwaka 1948 Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita. Lakini chesisi, ile fremu ya chini, ni chuma. Ukuta unaotenganisha injini na abiria ni chuma. Bolti ni chuma. Na alumini ikigusana na chuma penye unyevu wa chumvi, vyenyewe vinakuwa kama betri ndogo: alumini inaliwa, inageuka unga mweupe. Funua boneti uangalie madigadi yanapofungwa kwenye ule ukuta. Ule weupe unaoudhani ni vumbi la saruji, ukwangue kwa bisibisi. Wakati mwingine bisibisi inatokea upande wa pili.

Chumvi haihitaji ulipeleke gari Msimbati likaogelee. Upepo wa kusi unaileta mpaka kitandani. Nayo ina tabia ile unayoijua jikoni, ya kuvuta unyevu mpaka kikopo kinalowa chenyewe. Ikikaa kwenye kona ya chumba cha injini, kona hiyo haikauki hata kiangazi. Dawa yake ni maji baridi mengi, yaani yasiyo na chumvi, mara kwa mara, bila presha. Hapo nami nilikosea: kwa mwaka mzima niliosha kwa maji ya kisima cha nyumbani, bidii tele, mpaka siku moja nikayaonja. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi yake. Nilikuwa napaka nilichodhani naondoa. Sasa nasuuzia maji ya bomba au ya mvua, na kila bolti ya chuma inayoingia kwenye alumini naipaka grisi kabla ya kuirudisha.

Mafuta ya taa yanayeyusha grisi, sibishi. Ila yanaacha utando ambao rangi haishiki juu yake, na mipira ikilowa inavimba. Ukiyatumia, malizia kwa sabuni na maji. Petroli usiitumie kabisa. Mvuke wake unashika moto hata kwenye baridi kali, sembuse joto la hapa, na cheche ya betri tu inatosha. Wale wanaopulizia dizeli au oili chafu mwishoni "ili ing'ae na isishike kutu" wanaandaa gundi ya vumbi. Wiki moja ya msimu wa korosho, malori yakipishana barabarani, na injini inarudi ilikotoka, safari hii na mipira iliyolainika.

Kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni, inakula alumini mbele ya macho yako na kutoa gesi inayolipuka. Iache kwa watengeneza sabuni. Coca-Cola kwenye terminali za betri? Inafanya kazi kidogo kwa tindikali yake, halafu inakuachia sukari na sisimizi. Magadi soda kijiko kimoja kwenye maji ya vuguvugu hufanya vizuri zaidi, mradi vifuniko vya betri vimefungwa yasiingie ndani. Kausha, funga, paka Vaseline juu.

Halafu inakuja rangi. Hapa mafundi wetu wana mkono mwepesi: kila kilicho chini ya boneti kinapigwa nyeusi, kinang'aa, mteja anapiga picha. Rangi juu ya kutu haiui kutu. Inaifunika tu ili iendelee kula kwa faragha. Kwangua mpaka chuma kionekane, futa kwa thina, praima, ndipo rangi. Na kuna mahali hapatakiwi rangi kabisa. Pale waya wa bodi unapofungwa kwenye chesisi na kwenye injini panatakiwa chuma kitupu. Ukiparemba, stata itakwambia "tiki" na kunyamaza, na utanunua betri mpya bure. Rejeta ikipigwa rangi nzito mapezi yake yanavaa blanketi. Manifoldi ya ekzosi inaunguza rangi ya kawaida, utanusa wiki nzima. Na namba ya injini iache isomeke, kwani ndiyo iliyoandikwa kwenye kadi ya gari, na askari akikuta imefunikwa hataanza kwa kukupongeza kwa usafi.

Mafuta ya breki yakidondoka kwenye rangi mpya yanaimenya. Mwagia maji papo hapo.

Nilipofungua hedi upande wa maji sikukuta themostati. Mtu aliitoa zamani, kwa ile hoja ya "kwetu joto, ya nini?" Kazi yake ni kuifikisha injini haraka kwenye joto lake na kuibakiza hapo. Bila yake injini inakwenda ubaridi muda mrefu, petroli inaliwa, oili inapata unyevu na kuwa uji. Niliirudisha, nikaweka na kulanti, ile dawa ya rejeta inayozuia kutu, badala ya maji matupu, maana maji matupu ndiyo yaliyozijaza njia za ndani uji wa kutu.

Jambo moja ambalo sikulisikia hata kwa mshauri mmoja: gasketi za ekzosi, breki na klachi za magari ya umri huu mara nyingi zina asbestosi, madini ya nyuzi ambayo vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Usipulize kwa kompresa. Lowesha, futa kwa kitambaa cha maji, kitambaa ukifunge kwenye mfuko ukitupe.

Kabla ya kung'oa chochote piga picha, na waya za plagi zifunge utepe wenye namba. Mpangilio wa kuwaka wa injini hii, yaani zamu za silinda kupata cheche, ni 1-3-4-2, lakini wa Volkswagen Beetle ni 1-4-3-2, na fundi aliyezoea moja atakufungia hivyo kwa nia njema kabisa. Mimi nilipoirudisha iliwaka mara ya tatu. Poda ya mtoto ilionyesha mstari mmoja tu, kwenye pampu ya petroli inapofungwa kwenye bloku. Gasketi yake niliikata mwenyewe kwa mkasi barazani, wa kwanza wa wale washauri akiwa amekaa pembeni akiniambia nitaharibu.