Krismasi hulipwa kwa awamu: dhana potofu kuhusu akiba ya sikukuu

Tarehe 25 Desemba haijawahi kumvizia mtu. Haihamahami kama Pasaka, wala haisubiri mwezi uandame. Hata Waorthodoksi wanaosherehekea tarehe 7 Januari wanaijua siku yao miaka na miaka kabla haijafika. Lakini kila mwaka, ikifika wiki ya pili ya Desemba, watu wazima wenye kazi zao na akili zao wanazunguka kutafuta mkopo kama waliofikwa na msiba. Nimeshazunguka hivyo, na najua Januari yake ilivyo ndefu. Nimekuja kuamini kwamba wengi wetu tunakwamishwa na mambo tunayoambizana kuhusu akiba, ambayo ukiyakalia na kalamu na karatasi hayasimami.

“Kipato changu hakina nafasi ya akiba ya sikukuu”

Hii ndiyo ninayoisikia zaidi, na ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu anayeisema mara nyingi anasema kweli kuhusu ugumu wa maisha yake. Asichokiona ni kwamba Krismasi anailipa kwa awamu vilevile, ila anaanza baada ya kuila.

Tuseme sikukuu yako inagharimu 120,000 kwa fedha yoyote unayotumia. Ukiweka 10,000 kila mwezi kuanzia Januari, Desemba unazo zote mkononi. Usipoweka, ukakopa 120,000 kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi juu ya salio, ukalipa kwa miezi 12, rejesho la kila mwezi ni 13,539. Jumla utatoa zaidi ya 162,000. Yaani kipato kilekile kilichokosa nafasi ya 10,000 kinapata nafasi ya 13,539, kwa kuwa mwenye deni anapiga simu na akiba haipigi. Mbaya zaidi, rejesho la mwisho linaangukia Desemba, Krismasi nyingine ikiwa imeshabisha hodi na mfukoni hamna kitu. Hapo ndipo mzunguko unapojifunga, na kuna watu wamo ndani yake miaka kumi.

Kama kipato chako ni cha kubahatisha, leo kipo kesho hakipo, achana na kiasi maalum cha kila mwezi. Toa fungu: labda sehemu moja kwa ishirini ya kila malipo yanayoingia, siku hiyohiyo yanapoingia. Mwezi mkavu utaweka kidogo sana, na hujakosa kitu. Anayejiwekea kiasi kisichobadilika akakishindwa Machi, kwa kawaida Aprili hajaribu tena.

“Akiba isiyo na riba ni pesa iliyolala bure”

Mwaka 1909, katika mji wa Carlisle, Pennsylvania, mweka hazina wa Carlisle Trust Company, Merkel Landis, alianzisha mfuko wa kuweka akiba ya Krismasi. Wateja wapatao 350 waliweka vijisenti wiki baada ya wiki, na mwanzoni mwa Desemba wakalipwa, wastani wa kama dola 28 kila mmoja. Mtindo huo ukaenea Marekani nzima kwa jina la klabu za Krismasi. Klabu nyingi za namna hiyo zilitoa riba ndogo kuliko akaunti za kawaida, nyingine hazikutoa kabisa, na watu waliendelea kujiunga. Mwanauchumi Richard Thaler, aliyepata Nobel mwaka 2017, alizitumia kama mfano katika kazi zake kuhusu kujizuia: mteja alijua riba ni duni, na alichokitaka ni pesa yake iwekwe mbali na mkono wake mwenyewe.

Rudi kwenye hesabu yetu. Ukiweka 10,000 kila mwanzo wa mwezi kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka, mwisho wa mwaka riba yote ni 3,900. Si mbaya, ichukue ukiipata. Lakini ilinganishe na zile 42,000 na ushei ambazo hukumlipa mkopeshaji. Faida ya akiba ya Krismasi iko huko, na haitegemei benki kukupa chochote.

“Nina nidhamu, sihitaji kufungiwa pesa zangu”

Kila aliyewahi kumiliki kibubu anajua kinachotokea kama mwezi wa tatu. Kinageuzwa juu chini, kisu cha mezani kinapenyezwa kwenye tundu, noti inateleza juu ya ubapa wake taratibu mpaka ncha yake inachungulia, vidole viwili vinaivuta. Ni noti moja tu, itarudishwa wiki ijayo. Ikifika Agosti ukikitikisa unasikia sarafu tupu.

Sidhani kwamba mwenye kisu hana nidhamu. Mara nyingi ni mtu mwenye shida halisi jioni hiyo, na pesa iko hatua tatu kutoka kitandani. Nidhamu ya Januari haiwezi kubishana na njaa ya Machi.

Watafiti watatu, Nava Ashraf, Dean Karlan na Wesley Yin, walilipima jambo hili Ufilipino na kuchapisha matokeo mwaka 2006. Wateja wa benki moja walipewa nafasi ya kufungua akaunti ambayo pesa zake hazitoki mpaka ufike mwezi walioutaja wenyewe, au kiasi walichokipanga. Riba ilikuwa ileile ya akaunti ya kawaida, hapakuwa na zawadi yoyote ya kukubali kufungwa mikono. Asilimia 28 walikubali, na karibu nusu yao walikuwa wanawekea sherehe, Krismasi ikiwemo. Baada ya miezi 12, salio la kundi zima lililopewa nafasi hiyo, waliokubali na waliokataa kwa pamoja, lilikuwa limekua kwa pointi 81 za asilimia zaidi ya kundi ambalo halikupewa. Wengi walichukua pia kisanduku cha kuwekea pesa nyumbani, chenye tundu na kufuli. Ufunguo ulikaa benki. Nakipenda sana kile kisanduku, maana kimetatua tatizo la kisu bila kumhubiria mtu.

Kwa hiyo tafuta kufuli lako. Akaunti ya muda maalum, akaunti isiyo na kadi, au pochi ya akiba ya kwenye simu inayokuuliza tarehe ya kutoa. Chochote kitakachofanya kuchomoa pesa kuchukue siku badala ya dakika. Halafu weka fungu jingine dogo, lililo wazi, kwa ajili ya dawa na dharura. Bila hilo la pili, la kwanza litavunjwa tu, na hutakuwa na kosa.

“Anayekusanya ni mtu tunayemfahamu, pesa ziko salama”

Hapa naomba usome polepole.

Uingereza palikuwa na kampuni ikiitwa Farepak. Wateja wake, wengi wao familia za kipato cha chini, walilipa kidogo kidogo mwaka mzima ili Desemba wapate vikapu vya vyakula na vocha za manunuzi. Mawakala waliokusanya walikuwa majirani, ndugu, wafanyakazi wenzao. Oktoba 2006 kampuni ikaanguka, wiki chache kabla ya Krismasi. Zaidi ya watu 100,000 walipoteza walichoweka, jumla ya makumi ya mamilioni ya pauni. Walirudishiwa sehemu tu, tena baada ya miaka ya kusubiri.

Mawakala wale hawakuwa wezi. Wengi walikuwa na pesa zao wenyewe mle ndani, na walilazimika kugonga mlango wa dada au shangazi kumpa habari. Pesa zilipotea kwa sababu ya kisheria: mteja alikuwa amelipia bidhaa mapema, hakuwa ameweka amana benki. Amana za benki katika nchi nyingi zina bima. Marekani, kwa mfano, FDIC, shirika la serikali la bima ya amana, inamlinda kila mweka amana hadi dola 250,000 katika kila benki iliyowekewa bima nayo. Aliyelipia kikapu anasimama kwenye foleni ya wadai pamoja na wengine.

Kwa hiyo kuuliza “Namwamini huyu?” hakutoshi. Uliza pesa zinalala wapi usiku wa leo, zina jina la nani, na kampuni au kikundi kikivunjika kesho, nani analazimika kunirudishia. Kwenye upatu au kikundi cha akiba, akaunti iwe ya kikundi, yenye watia saini zaidi ya mmoja, na kila mwanachama aone salio bila kuomba. Mweka hazina mwaminifu hatachukia. Daftari lililo wazi linamlinda yeye kabla ya kukulinda wewe.

“Mpango wa wiki 52 unamfaa kila mtu”

Wiki ya kwanza unaweka uniti moja ya fedha uliyoichagua, ya pili mbili, mpaka 52. Jumla ni 1,378, na ni mpango mzuri wa kumwanzisha mtu. Ila angalia uzito ulikokaa: wiki nne za kwanza zinakudai 10, nne za mwisho zinakudai 202, Desemba hiyohiyo yenye nauli, wageni na zawadi. Ugeuze, anza na 52 ushuke, kama Januari yako inaruhusu. Isiporuhusu, weka 26.5 kila wiki na jumla itakuwa ileile.

“Bonasi ya mwisho wa mwaka itatosha”

Bonasi ni uamuzi wa mtu mwingine. Ikija, iwe ya Januari.

“Nimeshachelewa, nitaanza mwakani”

Tuseme umeamka Septemba. Miezi minne ya 10,000 ni 40,000, na bado unapungukiwa 80,000. Kama huwezi kupunguza matumizi na ni lazima ukope, utakopa 80,000 badala ya 120,000. Kwa masharti yaleyale ya asilimia 5 kwa miezi 12, rejesho linashuka kutoka 13,539 hadi kama 9,026 kwa mwezi, na riba yote kutoka 42,000 na ushei hadi 28,000 na ushei. Umeokoa kama 14,000 za riba kwa miezi minne tu, na kuanzia Januari una 4,500 za kila mwezi ambazo mkopeshaji hazidai. Hizo ndizo za kuanzia akiba ya Krismasi inayofuata, deni la hii likiwa bado linalipwa.