Muziki wa kusindikiza kazi: yanayoaminiwa na yaliyothibitika

Kazi yangu ni kuhariri miswada, na kwa miaka mingi niliamini kwamba siwezi kutuliza akili bila muziki kulia pembeni. Siku moja, nikisahihisha sura ya kitabu cha kiada huku taarabu ikiimbwa kwa sauti ya chini, niliandika "moyo wa masomo" mahali palipopaswa kuwa "mwaka wa masomo". Neno moyo lilikuwa limetoka katika kiitikio, likapita sikioni na kushuka hadi vidoleni bila mimi kujua, na kosa hilo sikuliona ila katika usomaji wa tatu. Tangu hapo nimefuatilia kwa bidii yale ambayo watafiti wamegundua kuhusu muziki na umakini, na nimeona kwamba mengi tunayoambizana ofisini na katika vyumba vya kujisomea hayana msingi, ingawa baadhi yake yana chembe ya ukweli.

"Muziki wa Mozart huongeza akili"

Dhana hii ina tarehe ya kuzaliwa. Mwaka 1993 Frances Rauscher na wenzake wawili wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, walichapisha katika jarida la Nature ripoti fupi kuhusu wanafunzi 36 wa chuo. Wanafunzi hao walisikiliza kwa dakika 10 sonata, yaani kipande cha muziki wa ala, ya piano mbili iliyotungwa na Mozart wa Vienna, au maelekezo ya kutuliza mwili, au walikaa kimya, kisha wakafanya majaribio ya kufikiri kuhusu maumbo, kwa mfano kutambua karatasi iliyokunjwa na kukatwa itaonekanaje ikikunjuliwa. Waliosikiliza Mozart walifanya vizuri zaidi, lakini faida hiyo haikudumu zaidi ya robo saa. Ripoti haikusema lolote kuhusu watoto wachanga, wala haikudai kwamba akili kwa jumla imeongezeka. Hata hivyo, kufikia mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia nchini Marekani, Zell Miller, alikuwa akiomba dola 105,000 za bajeti ili kila mtoto anayezaliwa jimboni apewe rekodi ya muziki wa aina hiyo.

Ufafanuzi uliokuja baadaye ndio wenye manufaa kwetu. Mwaka 2001 watafiti wa Kanada walilinganisha sonata ileile yenye uchangamfu na kipande cha taratibu chenye huzuni kinachojulikana kwa jina la Albinoni, mtunzi wa Italia. Faida ilionekana kwa Mozart peke yake, na walipozingatia tofauti za hisia na uchangamfu wa wasikilizaji, faida hiyo ikatoweka. Maana yake ni kwamba kilichosaidia ni msisimko mzuri wa moyo, na msisimko huo unaweza kuletwa na muziki wowote unaomchangamsha mtu, uwe wa Vienna au wa Unguja. Tena ni muhimu kukumbuka kwamba wanafunzi wale walisikiliza kabla ya kazi. Wakati wa kufanya majaribio, muziki ulikuwa umekwisha.

"Wimbo wa lugha nisiyoielewa haunisumbui"

Hii ndiyo dhana ninayoisikia mara nyingi zaidi, na ndiyo niliyoichelewa kuiacha. Wengi wetu tumekulia katika nyumba ambazo rumba ya Kongo ilipigwa kutwa, na tunajiambia kwamba kwa kuwa hatukijui Kilingala, maneno yake hayawezi kuingilia kazi yetu.

Utafiti unasema vinginevyo. Mwaka 1976 Colle na Welsh waliwapa watu wa Marekani orodha za herufi za kukumbuka kwa mpangilio huku maandishi ya Kijerumani yakisomwa kwa sauti. Ingawa lugha hiyo ilikuwa ngeni kwao, makosa yaliongezeka. Mwaka 1982 Salamé na Baddeley walionyesha kwamba hata silabi zisizo na maana yoyote huvuruga kumbukumbu karibu sawa na maneno halisi. Sababu ni kwamba mtu anayesoma, anayeandika au anayeshikilia namba kichwani huzirudia kimyakimya kwa sauti ya ndani, na usemi unaosikika, uwe na maana au usiwe nayo, hupita katika njia hiyohiyo nyembamba. Ubongo haungoji kwanza ujue lugha ndipo uushughulikie.

Kwa msemaji wa Kiswahili jambo hili ni zito zaidi kuliko anavyodhani, kwa maana Kilingala nacho ni lugha ya Kibantu, silabi zake zinafanana na zetu, na hata asiyeijua hutambua bolingo (mapenzi) na motema (moyo) zinapopita. Mwaka 2019 kikundi cha watafiti wa Uingereza na Sweden kiliwapa watu mafumbo ya maneno, ambapo mtu huonyeshwa maneno matatu na kutakiwa kutafuta la nne linaloungana na yote. Nyimbo za lugha ya kigeni ziliwapunguzia uwezo wa kuyafumbua, nyimbo wanazozifahamu zikawapunguzia, na hata muziki wa ala bila mwimbaji ukawapunguzia, ilhali kelele ndogo za maktaba hazikuwadhuru. Ni matokeo yanayostahili kutiliwa maanani na kila anayeishi kwa kuandika, kufasiri au kutunga.

"Muziki ninaoupenda hauwezi kunidhuru"

Perham na Vizard, mwaka 2011, waliwapigia watu muziki wanaoupenda na wasioupenda wakati wa kukumbuka orodha kwa mpangilio. Aina zote mbili ziliharibu kazi kwa kiwango kinachokaribiana. Kilichowaacha salama ni ukimya, pamoja na sauti isiyobadilika, yaani neno moja lililorudiwarudiwa. Kinachovuruga, basi, ni mabadiliko ya sauti ya kila mara, na wimbo mzuri umejengwa kwa mabadiliko hayohayo.

Lakini haki itendeke kwa upande wa pili, maana ushahidi upo. Mwaka 1994 madaktari wapasuaji 50 walifanya hesabu za kutoa kwa usahihi na kasi zaidi waliposikiliza muziki waliouchagua wenyewe kuliko muziki uliochaguliwa na watafiti. Wapasuaji hao, hata hivyo, walikuwa wapenzi wa muziki waliojitolea, na jaribio lilihusu hesabu, si upasuaji. Nchini Kanada, Teresa Lesiuk aliwafuatilia waandaaji 56 wa programu za kompyuta katika kampuni zao, akaripoti mwaka 2005 kwamba muziki ulipoondolewa, hisia zao na ubora wa kazi vilishuka. Ninavyoona mimi, tafiti hizi mbili zinatuambia kwamba kupenda na kujichagulia huinua moyo wa kufanya kazi, na mtu mwenye moyo huvumilia saa nyingi, jambo ambalo jaribio la nusu saa maabara haliwezi kulipima. Ndiyo maana muziki unaolazimishwa kwa ofisi nzima kupitia spika moja ni dhuluma kwa yule ambaye kazi yake wakati huo ni kusoma mkataba.

"Kama unamsaidia fundi, utanisaidia na mimi"

Katika mtaa ninaoishi kuna fundi cherehani ambaye redio yake haizimwi tangu asubuhi. Nimemtazama akipinda ukingo wa kanga: mguu unakwenda na mapigo, mkono wa kushoto unasukuma kitambaa, midomo inaimba, na mshono unatoka ulionyooka. Mteja anapofika kuchukuliwa vipimo vya suti, mkono wa fundi huenda wenyewe kwenye kitufe na kupunguza sauti. Hajasoma utafiti wowote, lakini anajua mahali mpaka ulipo.

Shirika la BBC nalo liliujua mpaka huo lilipoanzisha kipindi cha muziki kwa wafanyakazi wa viwandani mnamo Juni 1940, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kipindi hicho kilidumu hadi 1967, kikilenga kazi za kurudiarudia ambazo adui yake ni uchovu wa akili. Wimbo mmoja wenye kupigiwa makofi uliondolewa kwa hofu kwamba wafanyakazi wangeachia mashine ili wapige makofi. Mwaka 2019 Gonzalez na Aiello walithibitisha tofauti hiyohiyo kwa majaribio: muziki wenye vyombo vingi ulisaidia kazi rahisi, lakini muziki kwa jumla ulidhoofisha kazi ngumu, na watu walitofautiana kulingana na jinsi wanavyohitaji msisimko kutoka nje.

"Ukipandisha sauti, unazama zaidi kazini"

Hili nalisema kwa ufupi kwa sababu halina utata. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu, ili asiharibu masikio, asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki anapotumia vipokea sauti vya masikioni, na kila zinapoongezeka desibeli 3, muda salama hupungua kwa nusu, hivi kwamba katika desibeli 90 zinabaki saa 4 tu kwa wiki nzima.

Siku hizi nawasha muziki ninapopanga meza na kunywa chai, na hapo huweka taarabu yenye maneno, kwa sauti ninayoitaka. Nikifungua mswada, nazima. Ninapofika kwenye kazi ya kupanga kurasa, kuingiza namba za sura na kusawazisha pambizo, narudisha muziki, na aghalabu huwa ni bashraf, kile kipande cha ala tupu ambacho vikundi vya Zanzibar hukipiga kabla ya mwimbaji kusimama: udi, fidla na kanuni zikifuatana bila neno hata moja.