Tovuti rahisi ya kuingiza pesa: yanayosemwa na yalivyo

Vijana wanauziwa kila siku kozi na "tovuti zilizo tayari" kwa ahadi ileile: iweke hewani leo, kesho uanze kupokea dola. Wanaolipa wanatoa akiba ya kweli, wengine mkopo. Ndiyo maana naandika haya. Tovuti ndogo inaweza kuingiza pesa, hilo nalisema bila kusita. Lakini huingiza pale tu ambapo kuna mtu mwenye shida fulani, ameifikia tovuti hiyo, na ameona njia ya kulipa. Dhana nyingi potofu zinatokana na kumsahau mtu huyo.

Dhana: Bila kujua kuandika msimbo huwezi kitu

Teknolojia ya kurasa za mtandao ilibuniwa na Tim Berners-Lee pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichoko Uswisi, na tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikaiachia dunia nzima bila malipo. Kurasa za mwanzo zilikuwa maandishi na viungo tu. Tangu 2003 kuna WordPress, programu huria inayoendesha zaidi ya theluthi moja ya tovuti zote duniani: unachagua kiolezo, yaani mpangilio wa ukurasa uliokwisha kutengenezwa, unaandika, unapakia picha. Jina la .com kwa kawaida halizidi dola 20 kwa mwaka. Cheti cha usalama kinachoipa anwani yako https hutolewa bure na Let's Encrypt. Kinachobaki ni kukodi nafasi kwenye seva, kompyuta inayohifadhi tovuti yako na kuionyesha kwa wanaoifungua. Kwa hiyo anayekudai mamilioni kwa ukurasa wa duka la vitenge akuandikie, kipengele kwa kipengele, pesa hiyo inakwenda wapi.

Dhana: Tovuti inayouza ni ile yenye madoido

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pesa nyingi zinapopotea.

Mwaka 2005 kijana Mwingereza, Alex Tew, alitaka ada ya chuo kikuu. Akafungua ukurasa mmoja, Million Dollar Homepage, akaugawa katika pikseli, yaani nukta ndogo za skrini, milioni moja na kuziuza dola 1 kila moja, kwa vipande vya pikseli 100. Ukurasa ulijaa nembo ndogondogo za rangi zote, hauna mpangilio wala urembo. Ilipofika Januari 2006 nafasi zote zilikuwa zimekwisha, zile za mwisho zikiuzwa kwa mnada kwenye soko la mtandaoni la eBay, na jumla ilikuwa dola 1,037,100. Waigaji wakajitokeza kutoka kila upande, na karibu wote hawakufika popote. Tew hakuwa anauza sura ya ukurasa. Alikuwa na jambo jipya ambalo magazeti yaliliandika, na waliolipa walinunua macho ya watu waliokuja kuangalia. Waigaji walichukua umbo wakaiacha sababu.

Karibu na kwetu, mpigapicha Issa Michuzi alianza blogu yake mwaka huohuo wa 2005 kwenye Blogspot, huduma ya bure. Picha, maelezo mafupi, habari mpya juu. Watanzania wa nyumbani na wa ughaibuni waliifuata kwa miaka mingi kwa sababu ilikuwa na kile walichokitaka.

Msomaji wetu ana simu na bando. Picha moja iliyopigwa kwa simujanja inaweza kufika MB 4. Ukiweka kumi bila kuzipunguza, umemwomba mteja achome MB 40 ili aone magauni yako. Zipunguze kila moja iwe chini ya KB 200, ikiwezekana kwa WebP, muundo wa faili za picha unaozifanya ziwe nyepesi. Kipimo cha Google ni kwamba sehemu kuu ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5, na video inayojiwasha yenyewe ndiyo adui wa kwanza wa kipimo hicho. Halafu hakikisha skrini ya kwanza, kabla mtu hajasogeza kidole, inajibu mambo manne: unauza nini, kwa bei gani, uko wapi, na abonyeze wapi kukupigia au kukuandikia WhatsApp. Tafadhali andika bei. "Bei njoo inbox" inawafukuza hata waliokuwa tayari kulipa.

Dhana: Google itanilipa kila mtu anapobofya tangazo

AdSense, huduma ya Google ya kuweka matangazo ya wengine kwenye tovuti yako kwa malipo, ipo tangu 2003 na inalipa kweli. Lakini utaratibu wake haufanani na unaosimuliwa. Tangu mwanzo wa 2024, Google huwalipa wenye tovuti zaidi kwa tangazo kuonekana, si kwa kubofywa. Hupokei chochote mpaka ufikishe dola 100. Ukifikisha dola 10, hutumiwa kwa posta barua yenye namba ya siri ya kuthibitisha anwani, kwa hiyo jaza sanduku la posta linalofunguliwa kweli. Miezi minne ikipita hujaiingiza namba hiyo, matangazo husimama. Na ukibofya matangazo yako mwenyewe, au ukaomba kundi la WhatsApp likubofyee, akaunti inaweza kufungwa na pesa ikabaki hukohuko.

Tupige hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, kurasa zako zikifunguliwa mara 1,000 unapata dola 1. Ili ufikishe dola 100 ya kwanza unahitaji zifunguliwe mara 100,000. Kiasi halisi hupanda na kushuka kulingana na nchi ya msomaji, mada na msimu, ila mfano unakuonyesha ukubwa wa mlima.

Sasa mchukue mwenye nyumba ndogo ya wageni Jambiani, Unguja. Chumba ni dola 80, mgeni analala siku tano: dola 400. Akipitia wakala wa mtandaoni anayekata kamisheni ya asilimia 15, zinaondoka dola 60. Mgeni huyo akiweka nafasi moja kwa moja kwenye tovuti ya nyumba yenyewe, dola 60 zinabaki Jambiani. Kwa hesabu ileile ya matangazo, angehitaji kurasa zake zifunguliwe mara 60,000 ili kufidia mgeni mmoja. Ndiyo maana ninawasihi wenye biashara ndogo: msiweke matangazo ya wengine kwenye ukurasa unaouza bidhaa yenu. Unamwonyesha mteja mlango wa kutokea, tena pengine wa kwenda kwa mshindani wako. AdSense inawafaa zaidi wenye wasomaji wengi na wasio na bidhaa ya kuuza.

Dhana: Kiswahili hakilipi

Ni kweli kwamba watangazaji hutoa zaidi kumfikia msomaji wa Marekani au Uingereza. Lakini Kiswahili kimo katika orodha ya lugha zinazokubaliwa na AdSense, na kwa anayeuza bidhaa hoja hiyo haina uzito kabisa, kwa kuwa mteja wake anatafuta kwa Kiswahili. Mfugaji aliyeona kuku wake wanazubaa, saa tano usiku anaandika Google "dalili za kideri". Muuza vifaranga wa Morogoro mwenye ukurasa mzuri kuhusu kideri, gumboro na ratiba ya chanjo, wenye namba yake ya simu chini, amempata mteja wa miaka. Kwa Kiingereza angeshindana na vyuo na makampuni ya dunia nzima. Kwa Kiswahili, kurasa nzuri za mada kama hizo bado ni chache, na nafasi hiyo iko wazi leo.

Dhana: Ukiiweka hewani, watu watakuja wenyewe

Hawaji. Google inaweza kuchukua wiki au miezi kuipa tovuti mpya nafasi ya maana. Isajili kwenye Search Console, chombo cha Google cha wenye tovuti ambacho ni bure, uone watu wameandika maneno gani hadi wakaonyeshwa ukurasa wako. Maneno hayo ndiyo yakuambie uandike nini kesho. Kama una duka, liweke pia kwenye ramani ya Google, nayo bure. Na anwani ya tovuti iandikwe kwenye mfuko, kwenye risiti, kwenye bango la mlangoni.

Dhana: Bila kadi au PayPal huwezi kuuza mtandaoni

M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na Tanzania 2008, na leo wateja wetu wengi hulipa kwa simu bila kufikiria mara mbili. Tovuti changa inaweza kuanza kwa kuonyesha namba ya kulipia na kitufe cha WhatsApp cha kuthibitisha oda. Oda zikiongezeka, kampuni kama Pesapal na Selcom huunganisha malipo ya simu na ya kadi, na nchini Kenya, kampuni ya simu ya Safaricom ina mfumo wa Daraja kwa wanaotaka kuunganisha M-Pesa moja kwa moja. Sharti moja: usitoe mzigo kwa kuonyeshwa picha ya ujumbe wa malipo. Angalia salio lako mwenyewe kwanza.

Dhana: Mtandaoni hakuna sheria wala kodi

Kenya, tangu Julai 2023, mkazi anayelipwa kwa maudhui ya kidijitali hukatwa kodi ya zuio, ile inayokatwa na mlipaji kabla pesa haijakufikia, ya asilimia 5. Tanzania ilitunga kanuni za maudhui ya mtandaoni mwaka 2018, zikapita mabadiliko 2020 na 2022, hivyo anayetaka kuchapisha habari aulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, kwanza, asitegemee aliyosimuliwa miaka iliyopita. Na ukikusanya majina na namba za simu za wateja, sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinakuhusu hata kama duka lako ni dogo.

Dhana: Fundi akimaliza, tovuti ni yako

Si lazima. Mafundi wengi husajili jina la tovuti kwa barua pepe yao wenyewe kwa ajili ya wepesi. Siku mkikosana, au akibadilisha kazi, huna la kufanya, maana kwa msajili, kampuni iliyouza jina hilo, mwenye jina ni yeye. Jina la .com likipitwa na muda wa kulipiwa huingia kipindi cha kukombolewa kwa gharama kubwa zaidi, kisha huachiwa na yeyote anaweza kulichukua, pamoja na wateja wote walioizoea anwani hiyo. Kwa hiyo kabla ya malipo ya mwisho, kaa na fundi wako mbele ya kompyuta moja. Jina lihamie kwenye barua pepe yako, akaunti ya seva iwe yako, nakala kamili ya tovuti iwe kwenye diski yako, na nywila zote zibadilishwe hapohapo. Ndipo ummalizie pesa yake.