IgM, IgG na wenzake: aina tano za kingamwili

Cheti cha maabara kikirudi na maneno "IgM hasi, IgG chanya", wapo wanaodhani wamepimwa magonjwa mawili. Sivyo. Hizo ni aina mbili za kingamwili, yaani protini zinazotolewa na seli B, mojawapo ya seli nyeupe za damu, ili kunasa kitu kigeni kilichoingia mwilini. "Ig" ni kifupi cha imunoglobulini, jina lao la kitaalamu.

Kingamwili ina umbo la herufi Y. Ncha za mikono yake miwili ndizo zinazomnasa mdudu wa ugonjwa. Lakini aina haitokani na mikono, inatokana na shina. Shina ndilo linaloamua kingamwili ikae wapi na iite msaada gani. Ndiyo maana seli B iliyoanza kwa kutoa IgM huweza kubadili shina ikatoa IgG, huku mikono ikimlenga adui yuleyule.

IgM hutangulia. Katika damu huwa ni Y tano zilizoungana, zenye ncha 10. Kila ncha hushika kwa ulegevu, ila wingi wao hufidia. IgG hufuata, hushika barabara na hudumu, nayo ni kama robo tatu ya kingamwili zote za kwenye damu. Basi IgM mara nyingi (si kila mara) huashiria maambukizi mapya, na IgG ikiwa peke yake huashiria ya zamani, au chanjo.

IgG ndiyo pekee inayovuka kondo la nyuma kwa wingi, hivyo mtoto huzaliwa na kinga ya kuazima. Azima hiyo huleta utata: mtoto wa mama mwenye VVU anaweza kuonekana chanya kwenye kipimo cha kingamwili hadi miezi 18 ilhali hajaambukizwa, kwani kilichoonekana ni kingamwili za mama. Hapo hutakiwa kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe.

IgA hulinda milangoni: kwenye mate, machozi, ute wa utumbo, na maziwa ya mama, hasa yale ya mwanzo. IgD hukaa zaidi juu ya seli B ambazo bado hazijakutana na adui.

IgE ni chache mno katika damu, lakini vurugu zake si haba. Hujishikiza kwenye seli zilizojaa histamini, silaha inayofaa dhidi ya minyoo. Ikilenga chavua au karanga badala ya minyoo, silaha ileile hufyatuka, na huo ndio mzio.