Mji Mkongwe: si umri unaoangusha nyumba

Tarehe 25 Disemba 2020 upande mmoja wa Beit el Ajaib, jumba maarufu la Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliporomoka, na mnara wake wa saa ukaenda nao. Mafundi wawili waliokuwa kazini wakafariki. Jengo hilo, lililojengwa na Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883, lilikuwa katikati ya matengenezo yaliyogharamiwa na serikali ya Oman. Kifusi hakijazolewa, mabishano yameshaanza barazani na kwenye simu. Wako waliosema mji ule wote umechoka, heri ubomolewe yajengwe maghorofa ya maana. Wako waliosema asiguse mtu hata jiwe. Mpaka leo kila nyumba inapoanguka Unguja mjini, au hoteli mpya inapochimba msingi, maneno ni yale yale, na mengi yake, ya pande zote mbili, si kweli.

Dhana: Nyumba hizi zinaanguka kwa sababu ni kuukuu

Hatua chache tu kutoka Beit el Ajaib imesimama Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya Wareno kutolewa mwishoni mwa karne ya 17. Umri wake ni zaidi ya mara mbili ya ule wa jirani yake aliyeanguka. Beit el Ajaib, kwa hakika, lilikuwa jengo la kisasa kwa zama zake: nguzo za chuma, mihimili ya chuma, sakafu za zege, juu ya kuta za mawe. Chuma kilicho karibu na bahari kinahitaji jicho kila mwaka. Mwaka 2012 kipande cha roshani yake kilishaanguka. Yale ya 2020 hayakuja bila onyo.

Na upya nao si kinga. Machi 2013 ghorofa lililokuwa bado linajengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka na kuua watu zaidi ya 30. Novemba 2024 jengo la Kariakoo likaanguka asubuhi, likaua zaidi ya 20. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa na miaka mia.

Kinachoua nyumba za Mji Mkongwe ni maji, na maji huingia pale ambapo hapana mwenyewe wa kuyazuia. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilichukuliwa na serikali. Nyingine ni za wakfu, nyingine ni za familia zilizotawanyika Maskati, Dubai, London na Toronto, na warithi hawajakubaliana. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya ukoo mmoja ikapangishwa chumba kwa chumba. Kila mpangaji ana mlango wake na kufuli lake, ila paa halina mwenyewe. Mfereji wa paa ukiziba majani, wa juu anasema hiyo ni kazi ya serikali, wa chini hajui kama mfereji upo. Kodi inayolipwa ni ndogo mno kumleta fundi. Masika ya kwanza ni doa ukutani. Masika ya tano ni ufa. Ukitaka kujua nyumba ipi itafuata kuanguka, usiulize ilijengwa lini. Uliza nani alipanda juu ya paa lake mara ya mwisho.

Dhana: Saruji ni imara kuliko chokaa, kwa hiyo ukarabati wa kweli ni wa saruji

Hii imeumiza nyumba nyingi, na kinachosikitisha ni kwamba wanaoiamini ni watu wanaozipenda nyumba zao kweli na wamejinyima kuzitengeneza. Fundi anaitwa, anakuta lipu imebambuka, anaibandua, anapiga saruji, juu yake rangi ya mafuta. Kwa muda nyumba inapendeza. Halafu rangi inavimba, ukuta unatoa unga mweupe wa chumvi, na ile lipu mpya inaanza kudondoka vipande vipande, kila kipande kikiwa kimeng'oa na jiwe la nyuma yake.

Sababu iko ndani ya ukuta. Nyumba ya Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa udongo na chokaa, unene wa nusu mita au zaidi. Ni ukuta unaokunywa maji. Unavuta unyevu kutoka ardhini na kutoka kwenye mvua, kisha jua likiwaka unautoa nje. Chokaa inauachia unyevu huo njia. Saruji inaufungia ndani. Ni ngumu kuliko ukuta wenyewe, kwa hiyo nyumba inapojisogeza kidogo, kama nyumba zote zinavyofanya, saruji haiwezi kuifuata. Inapasuka. Maji yanaingia kwa ule mpasuko na hayana pa kutokea.

Sasa tazama juu. Dari zinabebwa na boriti za mikoko, ambazo urefu wake wa kufaa kwa kazi ni karibu mita tatu, na ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale ni vyembamba na virefu. Ncha za boriti zimezama ndani ya ukuta. Ukuta ukikaa na unyevu mwaka baada ya mwaka, boriti inaoza nchani, mahali ambapo jicho halifiki, na mchwa unamalizia. Katikati ya chumba boriti bado ngumu, ukiigonga inalia vizuri, unaondoka umeridhika. Mbaya zaidi ni pale mtu anapoziondoa boriti na kumwaga zege na nondo juu ya kuta zile zile. Uzito unaongezeka juu ya ukuta usiojengwa kuubeba, na nondo zikishapata chumvi ya bahari hushika kutu, huvimba na kulipasua zege lenyewe.

Chokaa ina kero zake, tusifiche. Matumbawe yanachomwa juu ya rundo la magogo, yanatiwa maji, yanafukuta, kisha chokaa inaachwa shimoni itulie kabla ya kutumika. Lipu yake inapigwa tabaka jembamba baada ya tabaka, na kila moja lazima lingojewe, kwa sababu chokaa hukomaa polepole kwa kuvuta kaboni dayoksaidi kutoka hewani. Mkandarasi mwenye mkataba wa miezi mitatu hana subira hiyo. Waashi wanaoijua kazi wamebaki wachache. Lakini kuta zilizosimama miaka 150 zilisimama kwa kazi hiyo, na kazi ya namna hiyo inafundishika. Kama ningepewa uamuzi juu ya fedha za hifadhi, nyingi zingekwenda kwa vijana wanaojifunza uashi wa chokaa kabla ya kwenda kwenye makongamano.

Dhana: Kuhifadhi ni kuugandisha mji, kusijengwe kitu

Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, sheria ikafuata 1994, na ikaandikwa upya 2010. Mpango wa hifadhi wa miaka ya 1990, uliotayarishwa pamoja na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, haukusema mji usiguswe. Uliyapanga majengo kwa madaraja: yapo yasiyoruhusiwa kubadilishwa sura wala ndani, yapo yanayolindwa zaidi kwa upande unaoonekana njiani, na yapo ya kawaida ambayo mwenyewe anaweza kuyajenga upya alimradi urefu na umbo havivurugi mtaa. Choo cha ndani, umeme, maji ya bomba, jiko la kisasa, vyote vinawezekana. Kinachotakiwa ni kuomba kibali na kumtumia fundi anayejua anachokigusa.

Mifano iko wazi. Ile Dispensari ya Kale ya Mizingani, yenye roshani za mbao zilizochongwa, ilianzishwa na tajiri Tharia Topan mwaka 1887, ikamalizika 1894 yeye akiwa ameshafariki. Ilifika mahali ikawa inaoza. Ikatengenezwa katika miaka ya 1990, ikarudi kazini. Bustani ya Forodhani, unapokula urojo na mishikaki jioni, ilifanywa upya na kufunguliwa 2009. Yote hayo ni ujenzi, yalilipa mafundi, yaliajiri vibarua, yalinunua mbao na mawe. Anayesema hifadhi ni adui wa kazi hajasimama kwenye eneo la kazi lenyewe.

Dhana: Nyumba ikigeuzwa hoteli imeokoka

Imeokoka nusu. Paa litazibwa, boriti zitabadilishwa, na hilo si dogo, kwani nyumba kadhaa zingekuwa kifusi bila fedha za utalii. Ila Mji Mkongwe ni pia madrasa ya Kiponda, duka la nazi, mzee aliyekaa barazani Sokomuhogo na kahawa yake, maiti anayepitishwa kwenye uchochoro na watu wakisimama kumpokea. Mtaa wenye nyumba kumi za wageni na nyumba moja ya wenyeji una kuta nzuri na msikiti usiojaa. Wenye vyumba wanahamia Fuoni na Mwanakwerekwe, nje ya Mji Mkongwe, wanarudi asubuhi kufanya kazi walikozaliwa. Kwangu hapa ndipo hasara kubwa ilipo, na kanuni za urefu wa majengo hazitoshi kuizuia.

Wala si kila hoteli inaufuata mji. Mradi wa Mambo Msiige pale Shangani, ambapo jumba la karne ya 19 liliunganishwa na jengo jipya upande wa pwani, ulijadiliwa na Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO kwa sababu ya ukubwa wake. Hoteli ikafunguliwa 2015. Kibali kikishatoka na msingi ukishamwagwa, malalamiko huwa yamechelewa, kwa hiyo mwenye neno na alisema wakati michoro bado iko mezani.

Dhana: UNESCO ndio wenye mji, na watatulipia

Mji Mkongwe uliingia kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000 kwa ombi la Tanzania yenyewe. Nyumba hazikubadili mmiliki. Sheria inayotumika ni ya Zanzibar, na mhandisi anayesimamisha kazi isiyo na kibali ni wa Zanzibar. Msaada wa fedha upo, ila ni mdogo mbele ya mji wenye mamia ya nyumba zinazovuja.

Wengine wanasema kinyume chake: orodha ni pambo tu, haina la kutufanya. Ina. Oman ilipolipunguza kwa asilimia 90 eneo lake la hifadhi ya choroa, likafutwa mwaka 2007. Dresden ya Ujerumani ikafutwa 2009 kwa ajili ya daraja, Liverpool ya Uingereza 2021 kwa ajili ya majengo mapya kwenye gati zake za kale. Liverpool ilikuwa bandari ya biashara kama sisi, na ilidhani kwamba jina lake ni kubwa mno kuguswa.

Dhana: Urithi ni upande wa mawe, Ng'ambo ni vibanda tu

Dhana hii ina mizizi ya kikoloni. Mkondo wa bahari ulipita pale penye Darajani, na Waingereza walipanga mji kwa mstari huo: mawe huku, udongo na makuti kule Ng'ambo. Mkondo umefukiwa zamani, mstari umebaki vichwani. Lakini ni Ng'ambo walikokaa wengi waliojenga na kuutumikia mji. Ni Ng'ambo alikoimba Siti binti Saad, ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri. Mwaka huo huo wakaazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi. Na Michenzani, yale majengo marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, nayo sasa ni historia, upende sura yake usipende. Yalipojengwa, mitaa ya watu ilibomolewa kuyapisha. Hao nao walikuwa na nyumba zao.

Mradi wa Ng'ambo Tuitakayo, uliofanywa na Idara ya Mipango Miji pamoja na wataalamu wa Uholanzi katika miaka ya 2010, uliwauliza wakaazi wenyewe ni wapi pana thamani kwao. Ukiwauliza watu hivyo, majibu hayaishii kwenye majumba. Wanataja maskani, kisima, mwembe, uwanja wa mpira, njia ya kupita wanawake jioni. Leo nyumba za Kikwajuni na Miembeni zinabadilika moja moja, matofali yanachukua nafasi ya udongo, ghorofa moja linazaa jingine, na mara nyingi aliyejenga ana haki kabisa ya kutaka nyumba bora. Bado inawezekana kumtaka aiache baraza mbele, asiizibe njia, asimfungie jirani upepo, na hayo yaingizwe kwenye kibali chake kabla tofali la kwanza halijalazwa.